Tone la Rangi Nyeupe

Wiki nzima nilikuwa nikipanda pikipiki yangu ya mashindano, miguu haifiki chini. Nilianguka nayo mara tatu, na baba yangu fundi akanicheka: "Umeanza kupungua kimo, mama?"

Leo nikalala chini ya pikipiki na tochi. Vyuma viwili vinavyoshika springi ya nyuma vilikuwa vimebadilishwa. Hivi vipya vilikuwa vifupi kuliko vya zamani, na kwenye pikipiki hii vyuma hivyo vikifupishwa, kiti hupanda. Juu ya kila nati kulikuwa na tone la rangi nyeupe, alama anayotia baba kila akimaliza kukaza.

Nikainuka, nikamkuta baba amesimama mlangoni mwa karakana. "Kumbe ni wewe!"

"Kesho hushindani. Bora uninunie kuliko nikuzike."

Nilichukua buti zake za soli nene, nikazivaa, nikapanda. Vidole vya miguu viligusa sakafu.

"Toka mlangoni, baba."