Rangi ya Ukuta wa Mbele

Zawena, mpima ardhi aliyehamia mjini juzi, alivikataa vyumba vinne vya mwanzo. Cha tano kilimteka kabla hajavua viatu: dirisha pana, na kuta zilizopakwa chokaa asubuhi hiyohiyo.

"Mimi sitafuti mpangaji, natafuta mwana," alisema Bi Mkunde, mwenye nyumba, akifuta mikono kwa pindo la khanga. "Ukipotea njia, uliza tu nyumba namba kumi na saba."

Namba hiyo Zawena aliijua. Jana ofisini alionyeshwa ramani ya barabara mpya, na mstari wake ulipita juu ya namba kumi na saba. Kesho yeye ndiye atakayekuja na kopo la rangi nyekundu kuichora X ya kubomolewa, na mkuu wake alishamwonya: neno lisitoke kabla ya alama.

Bi Mkunde alimshika mkono, akamtoa hadi barazani, mbele ya ukuta mweupe pe.

"Huu nimeubakiza na chokaa tu. Wewe msomi, hebu nichagulie rangi."

Zawena aliusogelea ukuta. Akauegemea kwa kiganja. Alipokiondoa, alama yake ilikuwa imebaki kwenye chokaa mbichi.