Mapacha wa Alhamisi

"Mia nne na nne," alisema Mama Birika.

"Mia nne na nne," alisema Dereva, na chumba kizima kikacheka kama kilivyocheka kila Alhamisi.

Ndiyo desturi ya pale. Saa kumi na moja jioni viti vya plastiki hupangwa duara kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la dawa, na kila anayeacha pombe hutaja siku zake. Jina haulizwi mtu. Kusimulia nako si lazima. Ukiwa tayari utasema, usipokuwa tayari utakunywa chai. Sasa hawa wawili, kwa bahati ambayo hakuna aliyeweza kuieleza, hesabu yao ilikuwa moja. Wakaitwa mapacha.

Dereva alifika pale siku yake ya ishirini na sita, roho mkononi. Kundi la kwanza alilojaribu lilimtenda. Aliwaambia, akilia kama mtoto, kwamba chupa ya chai aliyokuwa akiibeba kwenye gari la mikate haikuwahi kuwa na chai. Jumatatu yake bosi akaifungua chupa ile mbele ya wafanyakazi wote, akainusa. Alikuta chai kweli, maana Dereva alikuwa ameshaacha, lakini nani angemsikiliza? Akanyang'anywa funguo, akahamishiwa kwenye tanuri. Hakujua ni nani kati ya wale watu tisa aliyemuuza, kwa hiyo aliwachukia wote tisa. Mpaka leo akikumbuka anasikia moto kifuani.

Siku hiyo ya kwanza, Mama Birika, mwenyewe mgeni wa wiki mbili tu, ndiye aliyetangulia kutaja: "Ishirini na sita."

"Ishirini na sita," Dereva akafuata. "Mimi ni dereva."

Yule mama alikuwa anamimina chai. Ikajaa kikombe, ikajaa kisosi, ikamwagikia viatu vyake, naye anamtazama mgeni tu.

Tangu hapo akamshika kama mwanawe. Kiu ikimpanda Dereva alimpigia simu, na mama akakaa naye kwenye simu, akimwuliza habari za mtoto na za tanuri, mpaka kiu ipite. Mke wa Dereva, aliyekuwa amerudi kwao, alirejea na mabegi yake siku ya mia mbili. Dereva alijua vizuri nani wa kushukuriwa.

Yake mwenyewe Mama Birika hakuwahi kuyasimulia. Seremala, mtu wa utani, aliwahi kumchokoza: "Mama, wewe ulikuwa mtu wa pombe gani? Maana sura hiyo ni ya mvinyo wa wakubwa."

"Iliyonileta hapa ni hiyo hiyo iliyowaleta ninyi," alijibu, wakacheka.

Tena alikuwa na moyo mgumu wa ajabu. Siku moja mgeni aliingia na nusu chupa ndani ya koti. Wenzake waligeuza nyuso, mate yakiwajaa mdomoni. Mama Birika aliichukua, akaimwaga kwenye sinki, akanawa mikono, akaendelea kupanga vikombe.

Jambo moja tu hakuacha kumsisitizia Dereva. "Una kitu kimekukaa rohoni, mwanangu. Hicho ndicho kitakachokurudisha kwenye chupa. Kiseme. Ila siku utakayokisema, uwe na akili zako zote."

"Nitauzwa tena, mama."

"Mwenyekiti husemaje hapa?"

"Ya hapa huishia hapa."

"Haya basi."

Ndiyo maana Alhamisi hiyo, kicheko kilipotulia, Dereva hakukaa.

"Mke wangu anadhani niliacha kwa ajili yake," alisema. "Si kweli. Asubuhi ile nilikuwa nimeshakunywa kabla hata ya kupakia mikate. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, karibu na kituo cha basi, nilimgonga mwanamke. Nilisikia watu wakipiga kelele, mlevi huyo, mlevi! Sikusimama. Magari meupe kama lile yako mengi mjini, hakuna aliyenifuata. Mikate ilifika kwa wakati. Tangu siku hiyo sijaonja."

Mama Birika aliuliza, kwa sauti ile ile ya kwenye simu, "Alikuwa ameshika nini?"

"Mwavuli. Wa manjano. Nikifumba macho nauona."

Akakaa. Alijisikia mwepesi. Hakuna aliyemtupia jicho baya. Seremala alimwekea mkono begani. Akamtafuta Mama Birika kwa macho, akingoja aitwe mwanangu.

Mama Birika alikuwa ameliweka birika chini. Alichukua mkoba wake, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Polisi."

Dereva alisikia moto ule ule kifuani, na safari hii ulikuwa mkali zaidi, kwa sababu wale tisa hakuwahi kuwapenda. "Kumbe na wewe?" alisema, sauti ikimkatika. "Nilikuamini wewe kuliko mke wangu. Pacha wangu mwenyewe, unaniuza?"

Mwenyekiti alishaufikia mlango na kuuzuia kwa mgongo wake. "Ya hapa huishia hapa, mama. Tumekubaliana hivyo sisi walevi wote, na wewe umo."

"Mimi pombe sijawahi kuionja," alisema Mama Birika. "Siku zangu mia nne na nne nahesabu tangu asubuhi binti yangu alipoazima mwavuli wangu akaenda kazini."