Mama Amevuna, Anarudi

Edna alikuwa amebakiza mlango tu, na mama yake alikwishapanda gari huko Malinyi.

"Theodori, lete bluu! Ile iliyopauka, siyo hiyo inayong'aa. Mlango wa mama haujawahi kung'aa tangu nizaliwe."

Theodori akakoroga rangi ya mafuta kwenye kopo la maziwa. Ni mchoraji mwenzake wa siku nyingi, mtu wa domo, wa kumtania hata padri. Leo aliinamia kopo tu.

"Na ule ufa chini ya dirisha?" aliuliza.

"Uwepo. Mama asipouona ataniuliza."

Kila mwaka mvua zikikaribia, mama yake Edna, Apolonia, hufanya kama wanavyofanya wengi wa Ifakara: hufungasha masufuria na kuku, akahamia shamba huko bondeni. Hulala kwenye kibanda cha nyasi, akifukuza ndege na nguruwe, mpaka mpunga uvunwe. Nyumba ya mjini humwachia Edna. Na nani awe na wasiwasi na nyumba? Nyumba haina miguu. Unaiacha, unaikuta.

Mtandao huko ni wa kubahatisha. Mama akiupata, juu ya kichuguu, swali lake ni moja.

"Nyumba haijambo?"

"Haijambo, mama."

Mungu amsamehe Edna. Alijibu hivyo kila mara, na kila mara akikata simu alilia.

Maana tangu lami ifike, wenye fedha wameuvamia mtaa wa Kibaoni kama kwelea walioona mpunga. Leo loji, kesho ghorofa la maduka. Edna na Theodori, ambao mkate wao ni kuandika mabango ya saluni, waliamua kupigana kwa kile wanachokijua. Waliwachora wazee wa mtaa kwenye kuta za nyumba zilizotiwa jicho: bibi anapeta mchele, babu anashona viatu. Mnunuzi akija aone kwamba hapa ni kwao mtu. Wanunuzi wakaja kweli. Wakapiga picha, wakasifu sana vipaji vya vijana. Halafu wakabomoa, na wazee wakaondoka na matofali.

Mtaani mama anaitwa Mama Valentino, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Baba alipofariki, mama mwenyewe alisema hati iandikwe jina la Valentino, eti mtoto wa kiume ndiye nguzo. Nguzo ikahamia Dodoma. Kikulacho ki nguoni mwako, wala huhitaji kukitafuta mbali.

Simu ikaita. Alikuwa ni huyo huyo Valentino.

"Umeshamwambia?"

"Bado."

"Sasa unangoja nini, Edna?"

"Wewe ndiye kaka, na sahihi ni yako. Mwambie wewe."

Valentino akakata simu.

Nazari, mlinzi wa hoteli inayojengwa, alikuwa amekaa juu ya ndoo akiwatazama kwa mashaka.

"Dada Edna, fanyeni haraka. Bosi akikuta haya marangi, kibarua changu kimeota nyasi."

"Leo tu, kaka Nazari, nakuomba. Mama afike aione. Baada ya hapo mfanye mtakavyo."

Nazari akatikisa kichwa, lakini hakuwafukuza. Naye ana mama, huko Mang'ula.

Edna akamaliza mlango. Akatia masizi juu ya dirisha la jikoni, maana mama hupikia kuni ndani mvua ikinyesha. Akatia pazia la maua. Akaongeza jogoo mmoja mbele ya kizingiti, kisha akaketi chini, akalia waziwazi mpaka kamasi zikamtoka, na Theodori akamkinga jua kwa kipande cha boksi. Wiki nzima alikuwa ametafuta namna ya kumwambia mama, akakosa. Alichokuwa nacho ni brashi.

Bodaboda ikasimama ng'ambo ya barabara. Mama akashuka, amekonda, jua limemchoma, akajitwika kapu la mchele mpya.

"Shikamoo, mama!" Edna akamkimbilia.

"Marahaba, mwanangu, marahaba."

Lakini macho yake hayakuwa kwa Edna. Yalikuwa kule alikotoka Edna, na uso wote ulichanua.

"Jamani! Mmenipakia nyumba yangu rangi! Hee, Edna! Yaani mwaka huu kule kibandani mafuriko yalinifika miguuni, nikawa najiambia, vumilia, Apolonia, kwako kupo." Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Hebu twende ndani. Mgongo umekwisha, nataka nilale kitandani kwangu."

Akaanza kuvuka. Edna akamshika mkono.

Nyuma yao lori la mchanga likapiga honi, likapiga tena. Nazari akamtazama Edna, akainamisha kichwa, akavuta geti pande mbili. Mabati waliyoyachora yakalia. Mlango wa bluu ukaenda kushoto, dirisha la jikoni likaenda kulia, na pale katikati, palipokuwa na chumba cha mama, pakabaki shimo la msingi na nondo zilizosimama wima.

Lori likapita, likaingia. Mama Valentino alikuwa bado amesimama barabarani, kapu kichwani, akigeuka huku na huku, akitafuta mahali pa kulitua.