Saa Moja na Dakika Kumi

Miali alimfunga mtoto mgongoni, ndani ya koti, akakumbatia begi kifuani. Ilikuwa saa sita mchana, na nje giza tupu, kama Januari zote huku kaskazini ya mbali, ambako jua halichomozi.

Katika ofisi ya kiwanja cha ndege, binamu yake Noa alikuwa ameinamia redio ya marubani.

"Jina lake limo?" Miali aliuliza.

"Limo. Sakiasi, kiti cha nne."

Kutoka Nuvualuk, alikokuwa Sakiasi, hadi hapa ni saa moja na dakika kumi kwa ndege. Barabara hakuna. Ndege hiyo, ambayo huja Alhamisi tu, ingemshusha Sakiasi, kisha ingempakia Miali na kumpeleka kusini. Noa angemficha Miali stoo mpaka mumewe apite. Mara ya mwisho Sakiasi alimvunja Miali mkono, na siku anapelekwa jela aliapa kwamba akitoka atamalizia.

"Tena kakata tiketi mapema, kawatangazia watu wote dukani," Noa alisema. "Yule yule anayeng'ang'ania kiti kwa mikono miwili ndege ikitikisika! Safari hii kajikaza kiume."

"Usinitanie, Noa."

"Basi, dada. Nisamehe."

Redio ikakoroma. Noa akasikiliza, akaandika, akakata alichoandika.

"Hairuki leo. Nuvualuk dhoruba imewashukia tangu alfajiri, hawaoni hata pua zao. Abiria hawajaitwa. Labda itakuja Jumamosi badala ya leo."

Miali aliketi juu ya sanduku la mizigo. Safari yake imekufa, sawa. Lakini na ya Sakiasi pia. Kati yao kulikuwa na kilomita mia tatu za barafu, na dhoruba juu yake.

"Nenda kapumzike," Noa alimwambia. "Siku mbili umezipata. Tutapanga upya."

Alirudi kwenye kijumba alichoazimwa tangu vuli, mwisho kabisa wa kijiji. Akamlaza mtoto, akabandika chai. Kwa mara ya kwanza wiki ile alihisi njaa. Akafungulia redio ya kijiji, saa ya salamu, angalau nyumba iwe na sauti za watu.

Aliyekuwa akiongea ni Mama Elisapi, mama mzazi wa Sakiasi, bibi mpole ambaye hakuacha kumwombea mwanawe hata siku moja.

"Namshukuru mwanangu," bibi alisema, sauti ikitetemeka kwa furaha. "Siku tatu peke yake kutoka Nuvualuk, juu ya barafu na pikipiki ya theluji, na leo hii kaniletea kulungu mzima, kampiga njiani. Njooni mle, nyama ipo. Mwenyewe hakukaa hata kunywa chai. Kaniuliza tu mkewe kahamia nyumba ipi, nami nikamwonyesha."