Bakuli Moja

Paka aliruka kwenda dirishani, akalikosa, akaangukia mtungi wa kabichi ya kuchachushwa, kimchi. Bibi Bun-rye alicheka, kisha akamtazama machoni. Mchana kweupe, mboni za paka zilikuwa zimetanuka, nyeusi tii.

Daktari wa mifugo alimmulika machoni. "Bibi, huyu anakula nini?"

"Chakula cha mbwa wangu. Wamekua pamoja, wanakula bakuli moja. Nikimtengea chake hakigusi."

"Mwili wa mbwa una kitu unachojitengenezea wenyewe. Paka lazima akipate kwenye nyama. Akikikosa macho yanaharibika, halafu moyo."

"Ataona tena?"

"Alichopoteza hakirudi. Tuokoe kilichobaki."

Alipofika nyumbani, bibi alimfungia mbwa nje, akafungua kopo la chakula cha paka. Mbwa akalia mlangoni. Paka akageukia sauti ile, chakula hakukitazama.

Bibi akapiga magoti, akashika kiuno, akainamisha uso mpaka kwenye bakuli. Akauma tonge, akatafuna kwa kelele kama mbwa.

"Unanifanya mbwa na uzee huu! Haya, mwanangu, kula na mimi."

Sharubu zilimgusa shavuni, zikatulia. Kisha akasikia ulimi wa paka ukilamba bakulini.