Vikombe vya Wageni

Kiwandani, kila aliyeendelea na kazi alilimbikiza pointi, na pointi zilibadilishwa stoo kwa zawadi. Tulizo alikuwa na nyingi kuliko wote. Wenzake wa meza ya kushonea walishaacha kazi, mmoja mmoja, akabaki yeye.

"Haya dada, chagua," alisema Shebe, mtunza stoo. "Birika? Mwavuli?"

"Vile vikombe."

"Vya wageni? Wewe si unaishi peke yako?"

"Nipe tu, kaka Shebe."

Shebe alicheka, akavifunga kwa gazeti. "Basi Jumapili nakuja kuvizindua. Chai iwe na tangawizi!"

Alikuwa akitania, kama anavyomtania kila mtu. Tulizo alilijua hilo. Hata hivyo, Jumapili alifagia chumba, akatwanga tangawizi, akaosha vikombe vyote ingawa vilikuwa vipya. Viwili akaviweka mezani, cha pili akakielekeza upande wa mlango. Kisha akaurudishia mlango bila kuufunga, akakaa.

Nje, viatu vilikuwa vikipanda ngazi polepole. Vikasimama, kama vya mtu asiyejua ni chumba kipi.