Mto wa Kukalia

Wifi alipiga hodi fundi akiwa amebakiza uwazi wa kiganja tu kwenye mto wake, na mguu wa suruali ya kijivu bado unaning'inia nje kama ulimi.

Fundi aliusukuma ndani kwa ngumi. "Karibu wifi, pita, mlango uko wazi!" Akashona haraka haraka, akapiga fundo, akakata uzi kwa meno.

Ulikuwa mto wa kukalia sakafuni, wa mtindo wa zamani: mnene, wa mviringo, vipande vya pazia la maua vikikutana katikati chini ya kifungo kikubwa.

Wifi aliingia akihema, mkononi mabegi mawili matupu. "Huyu kaka yangu ananitia aibu. Ahamie kwa mwanamke mwingine yeye, nguo nije kumchukulia mimi! Kwani hana miguu?"

"Pole. Kaa kwanza, upumzike."

Wifi alijibwaga juu ya mto. Ulibonyea kidogo, ukamshika. Akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia, uso ukamlainika.

"Weee! Huu umeshiba. Mingine ukiikalia tu inanywea. Nishonee na mimi kama huu, rangi yoyote."

"Nitakushonea," alisema fundi, akichomeka sindano kwenye kola ya blauzi yake. "Wewe niletee tu nguo za mumeo."

Wifi akacheka. Kisha kidole chake kikagota kwenye kifungo cha koti ndani ya mto, chini ya kitambaa cha maua, na kicheko kikakatika. Akayatazama mabegi yake.

Lakini hakuinuka.